Safu ya Sita

Watu wengine wanastaafu na mvi. Mimi nimestaafu na miaka ishirini na tisa, mtoto mgongoni, na wino wa ronéo, ile mashine ya kuchapia, chini ya kucha ambao hata mafuta ya taa hayautoi. Jana asubuhi nilirudisha ufunguo wa kabati. Leo ninakuandikia wewe, mdogo wangu, utakayekalishwa kwenye meza ile karibu na dirisha, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia umerithi nini. Watakuonyesha mashine ya kuandikia, watakuonyesha kabati, watakuonyesha mahali pa kuchota maji. Safu ya sita hawatakuonyesha. Utaikuta mwenyewe.

Nimeacha kazi kwa ajili ya safu hiyo moja ya karatasi. Nisipokueleza, utaipiga kwa mashine kama nilivyoipiga mimi, bila kosa hata moja, na kuna mtu atakufa. Basi soma mpaka mwisho, hata kama hasira yangu inakuchosha. Na ujue kwamba majina nitakayoandika humu ni ya ubatizo tu. Jina la pili siliandiki. Hapa Bunia jina la pili linasema baba yako alitoka upande gani, na miaka hii hilo linatosha.

Nilifika kituoni na diploma ya serikali, sehemu ya biolojia na kemia. Nilikuwa nimetaka kwenda kusoma Kisangani. Vita ilifunga barabara, halafu nikapata mimba, na mambo ya Kisangani yakaishia hapo. Kituo chenyewe ulikwisha kukiona: vyumba viwili nyuma ya shule ya sekondari, hapa mtaa wa Mbunya, paa linavuja upande wa kemia. Kazi yake ni kuchukua walimu wa sayansi ambao wamekula chaki miaka kumi na tano, ishirini, na kuwafundisha namna ya kuwafundisha wenzao. Maana mwalimu mzuri darasani si lazima awe mzuri mbele ya walimu. Watoto wanamwogopa, wenzake wanamcheka. Kila mmoja akimaliza kwetu anarudi shuleni kwake kuongoza selule, yaani kikundi cha walimu wa somo moja wanaokutana kila juma kutengeneza kazi yao pamoja.

Aliyekuwa anawafundisha ni Muzee Gaston, mwalimu wa fizikia, mwembamba, koti moja la kijivu mwaka mzima. Siku yangu ya kwanza alinitazama, akatazama tumbo langu, akatazama diploma.

«Iko ya biochimie?»

«Ndiyo, Muzee.»

«Basi osha chupa.»

Zilikuwa chupa za serumu. Mwalimu mmoja alizibeba kwa baiskeli kutoka hospitali ya Nyankunde, wakati ile barabara bado ilikuwa barabara. Nilizichemsha, nikazisugua na majivu, nikang'oa mabaki ya gundi kwa kucha, siku mbili. Nilikasirika sana. Siku ya tatu Muzee aliingia na limau moja na vijiko viwili vya majivu, akanifundisha kutengeneza maabara nzima. Maji ya limau ndiyo asidi. Maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa ndiyo besi. Maua mekundu ya uani, ukiyachemsha, yanatoa maji yanayobadilika rangi katika asidi na katika besi. Mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa usiyatupe: yapasue, ndani kuna kijiti cheusi cha kaboni, na vijiti viwili vinatosha kwa somo la umeme kupita katika maji ya chumvi. Vyote hivi viko katika rafu ya chini. Kijiti kilichofungwa uzi mwekundu kimevunjika katikati. Kinafanya kazi ukikishika vizuri, kama wengi wetu.

Kazi yangu ya pili ilikuwa uandishi. Sikiliza hili kwa makini kwa sababu nitalirudia. Stensili ni karatasi ya nta. Kwenye mashine ya kuandikia unaondoa utepe wa wino, herufi inapiga nta yenyewe na kuitoboa, na ukiifunga stensili kwenye ronéo na kuzungusha mkono, wino unapita pale palipotoboka. Kwa hiyo kila unachokiona cheusi kwenye karatasi ni tundu. Herufi «o» ni mbaya kuliko zote. Ukiigonga kwa nguvu, kiduara kizima kinadondoka, na kwenye karatasi kinatoka doa jeusi. Mwanzoni «o» zangu zote zilikuwa madoa.

Aliyelalamika ni Siméon, mwalimu wa kemia kutoka Saio. Alileta orodha ya mahudhurio hadi mezani kwangu, kidole juu ya jina lake.

«Secrétaire, juu ya nini unatoboa jina yangu?»

«Ni mashine, Prof.»

«Mashine! Jina ya Muzee Gaston iko na o vilevile, na iko safi. Mashine inaogopa bakubwa?»

Huyo Siméon ndiye ninayetaka umjue. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu. Alifundisha kemia zaidi ya miaka ishirini bila chupa hata moja, kwa ubao tu, na wanafunzi wake walifaulu. Ulimi wake ulikuwa wembe. Na kituo chetu, wakati huo, kilikuwa mahali pa kunolea wembe, kwa sababu ya desturi ya critique.

Unaijua critique, umesoma shule za hapa kwetu. Mwalimu mmoja anatoa somo la mfano, wenzake wamekaa nyuma na daftari. Akimaliza, anakaa mbele kama mtu aliyeshtakiwa, na kila mmoja anasimama, anampongeza kidogo, kisha anamchinja. Walimu wanakuja kwenye critique kama watu wanavyoenda kwenye mpira. Juma la pili, Odette, mwalimu wa biolojia mwenye miaka kumi na sita ya kazi, alitoa somo la moyo. Alikuwa amebeba moyo wa mbuzi katika sahani. Siméon alisimama wa kwanza, kwa Kifaransa; nakutafsiria.

«Collègue, pongezi juu ya ile mbuzi. Tumemuona vizuri. Mwalimu ndiye hatukumuona.»

Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka, nikiwa mlangoni na ndoo yangu. Odette alifunika sahani yake, akatoka kwenye mapumziko na hakurudi. Muzee Gaston alienda kwa miguu mpaka nyumbani kwake, juani, akamrudisha kesho yake. Asubuhi hiyo, kabla ya kitu chochote, alifuta ubao na kusema critique haitafanywa tena kwa Kifaransa.

«Kwa Kifaransa mutu anaweza kusema dakika kumi bila kusema kitu. Tutasema Kiswahili. Na kila mutu ataanza na neno moja: niliona.»

Akamwita Siméon asimame, arudie ya jana.

«Niliona leçon mubaya.»

«Leçon mubaya haionekane na macho. Uliona nini?»

«Niliona alikuwa anaogopa.»

«Woga haionekane. Uliona nini?»

Siméon alianza kutoka jasho. Watu walianza kucheka, Muzee akainua mkono, wakanyamaza.

«Muzee, sasa nisemeje? Niliona... niliona anaongea na ubao. Kila alipouliza ulizo, aligeukia ubao, halafu akajijibu yeye mwenyewe.»

«Njo ile,» Muzee alisema. «Ile, Odette anaweza kubeba nyumbani na kuitengeneza. Ya jana alibeba nini? Haya na aibu tu.»

Kisha akamgeukia Odette na kumpa neno lake. Anayekosolewa hajitetei, haelezi, hasemi watoto walikuwa wengi ao chaki ilikuwa mbovu. Anajibu neno moja: nimepokea. Akitaka kubishana, abishane na yeye mwenyewe njiani.

Odette alisema, «Nimepokea.» Alikuwa anamtazama Siméon machoni. Siméon ndiye aliyeangalia chini.

Nimefanya kazi pale karibu miaka mitatu, na sijaona chombo kikali kuliko maneno hayo mawili. Walimu wakubwa walihangaika nayo kama watoto wa darasa la kwanza. Utashangaa ni mambo machache kiasi gani mtu ameyaona kweli, ukimzuia kusema anayoyafikiri.

Neema alizaliwa katikati ya mafunzo yale. Nilirudi kazini naye mgongoni, nikawa napiga stensili huku ananipiga mateke. Juma moja aliugua. Nilichuma maua siku ya alhamisi, nikayachemsha, nikayaacha kwenye chupa mpaka siku ya kwanza, Jumatatu ya juma lililofuata, kwa sababu mtoto alikuwa na homa na akili yangu ilikuwa kwenye homa. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Siméon kutoa somo, mbele ya walimu kumi na wanane. Akamimina maji ya maua kwenye limau. Hakuna kitu. Akamimina kwenye majivu. Hakuna kitu. Maji yalikuwa ya kahawia, yananuka. Walimu wote walijua nani anatengeneza maji hayo. Nilikuwa mlangoni, nikangojea ule wembe.

Kwa utaratibu wa Muzee, aliyefundisha ndiye anayeanza. Siméon akasimama.

«Niliona maji haikubadilika rangi,» alisema. «Niliona mimi mwalimu sikuijaribu mbele ya kuingia mu classe.»

Basi. Hakunitaja. Odette akasimama nyuma: «Niliona pale ilikatala, ulicheka pamoja na sisi. Hukutafuta mutu wa kugombeza.» Naye akajibu, «Nimepokea,» kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Baadaye alikuja kwenye stoo.

«Mama Neema, maua ya siku nne si dawa tena. Ni supu.»

«Nimepokea, Prof.»

Alicheka mpaka akashika mlango. Tangu siku hiyo hakuniita Secrétaire tena.

Wakati huo mji ulikuwa umekwisha kugawanyika. Unajua, na wewe ulikuwapo: mtaa huu ni wa hawa, mtaa ule ni wa wale, katikati barrière, kizuizi cha barabara, na vijana wenye bunduki. Walimu wetu walikuwa wa pande zote. Sitakuambia walipendana, nitakuambia nilichoona. Niliona wanapita barrière mbili na daftari mkononi ili waje kukosolewa. Niliona Muzee anawapanga vikundi kwa kuhesabu moja mpaka nne, moja mpaka nne, na ambaye hesabu imemwangukia anakaa pale. Niliona mtu wa upande huu anamshikia mtu wa upande ule kijiti cha kaboni ili kisianguke majini. Huko nje wazazi wao walikuwa wanachomeana nyumba Djugu. Mle ndani walikuwa wanabishana kama majivu ya kuni za mkaratusi ni makali kuliko ya mgomba.

Mafunzo yakakaribia kuisha. Coordonnateur wetu, mkuu wa kituo, aliniletea kazi ya kupiga fiche, yaani orodha, ya waliofuzu. Jina lake siandiki, unamfahamu, ndiye atakayekupa mkono siku yako ya kwanza. Fiche ilikuwa na safu sita, kama fiche zote tangu zamani: majina, shule, somo, miaka ya kazi, mtaa, na ya sita, collectivité ya asili. Yaani eneo la chifu wa babu yako. Mtu anaweza kuzaliwa hapa Bunia, asikanyage huko hata siku moja, lakini ataandikwa hiyo. Tumeijaza tangu utoto, shuleni, hospitalini, parokiani. Mkono unajiandikia wenyewe. Na hapa kwetu ukishasema collectivité, umesema kabila.

Niliipiga. Sitakudanganya, niliipiga vizuri. Nilipangilia mistari kwa rula, na «o» ya Siméon nikaigusa kama mtu anayegusa jicho la mtoto. Muzee Gaston alipita nyuma yangu, akasimama.

«Mama Neema, hii ya sita iko ya nini?»

«Iko kwenye modèle, Muzee.»

«Modèle ya nani?»

«Ya siku zote.»

Aliingia kwa Coordonnateur, mlango ukabaki wazi kidogo. Nilimsikia Coordonnateur akisema, bila kupandisha sauti, kwamba faili lisilo na collectivité si faili kamili, na kwamba tusilete siasa kwenye mambo ya utawala. Muzee akasema, basi likae kwenye kabati, lisitoke. Coordonnateur akasema, «Hakuna shida.» Maneno hayo mawili uyaogope, mdogo wangu, kuliko bunduki.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, siku ya mwisho ya mafunzo, Muzee hakuja; malaria ilikuwa imemlaza. Mchana nikamkuta Coordonnateur nje, mbele ya valve, ule ubao wa matangazo unaotazama barabara. Alikuwa na pini nne mdomoni na fiche yangu mkononi. Akaibandika. Kwake ilikuwa heshima. Kwetu wote ilikuwa heshima, niseme ukweli: mtu anasoma miaka yote ili siku moja jina lake lipande kwenye valve. Walimu walikusanyika, wakasukumana. Siméon alijikuta wa tatu toka juu.

«Miaka yote nafundisha,» alisema, «leo njo nimepanda ku valve.» Akapitisha kidole juu ya jina lake. «Na o iko safi! Mama Neema, aksanti sana. Umeniandika kama mutu mukubwa.»

Nilicheka. Halafu jicho langu likateremka mpaka safu ya sita. Niliiona. Ilikuwa wazi, nyeusi, kila mmoja na mtaa anaokaa, na asili yake pembeni. Karatasi moja imefanya kazi ya majasusi kumi, na imeelekezwa barabarani.

Ningeweza kuibandua. Pini nne tu. Lakini watu walikuwa na furaha, Coordonnateur alikuwa amesimama pale, Neema alikuwa analia njaa. Nikajiambia, kesho ni siku ya yenga, Jumapili, hakuna mtu atakayepita hapa. Siku ya kwanza asubuhi nitaitoa.

Siku ya yenga, watu wakiwa kanisani, risasi zilianza.

Hayo mengine kila mtu wa mji huu anayo yake, sina haja ya kukueleza ya kwangu. Nilikimbia na Neema, tukakaa majuma mawili kwenye uwanja wa parokia na maelfu ya watu, na mvua. Niliporudi nilipita kituoni kabla hata ya kwenda kuona nyumba yangu. Milango ilikuwa imevunjwa. Chupa za serumu nyingi zilikuwa nzima. Hakuna aliyeona faida yake. Kwenye valve zilikuwa pini nne, na chini ya kila pini pembe ndogo ya karatasi. Pembe nne. Katikati, ubao mtupu. Aliyeichukua hakuing'oa kwa hasira. Aliichana taratibu, kwa sababu aliitaka nzima.

Nilienda Saio. Mke wa Siméon, Mama Rachel, alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mtoto cha shule. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, akaningojea nimalize.

«Walikuja asubuhi, tunakunywa chai,» alisema. «Tulikuwa tumefunga mlango siku tatu, hatufungulii mutu. Jirani alipiga hodi, hatukufungua. Shemeji yangu alipiga hodi, hatukufungua. Sasa hawa walisimama njiani, wakaita jina yake yote, jina na jina ya pili. Halafu shule. Halafu: kemia. Vile prefe, mukubwa wa shule, anaita. Akaniambia, Mama Rachel, hawa ni watu wa shule, wanatafuta kama tuko wazima. Akavaa shati. Akafungua.»

Nilikaa naye mpaka jua likateremka. Hakuniuliza nani aliandika ile karatasi. Nilimwambia mwenyewe. Akasema, «Alifurahi sana ile siku. Aliniambia umeandika vizuri.» Angenipiga kofi ingekuwa afadhali.

Muzee Gaston alirudi kituoni akiwa mifupa mitupu. Nilimwambia yote. Akakaa kwenye benchi la wanafunzi, koti lake la kijivu likamfunika kama blanketi. «Niliona ile safu,» alisema. «Niliona nikaongea mara moja, halafu nikanyamaza. Nimepokea.» Watoto wake walimchukua kwenda Aru. Kifua chake kilikuwa kibaya tayari. Hakuna aliyenifundisha kazi zaidi yake, na siku anaondoka hakuwa na la kunifundisha. Alinipa mkono tu.

Baadaye askari wa kigeni walijaa mjini, maduka yakafunguliwa moja moja, na juma lililopita Coordonnateur akatangaza kwamba mafunzo yanaanza upya. Nilifurahi, usidhani sikufurahi. Walimu wapya kumi na mmoja wamejiandikisha, wa pande zote, baada ya yote hayo. Aliingia ofisini na stensili mkononi. Ile ile. Nilikuwa nimeisafisha na kuihifadhi kati ya magazeti, kama nilivyofundishwa, na nikaisahau. Chini ya mistari kulikuwa na nafasi.

«Tusipoteze vifaa, Mama. Ongeza wapya hapa chini, safu zote sita. Na kwa Siméon, andika pembeni décédé, marehemu. Namba ibaki, tusivuruge mpangilio.»

«Safu zote sita?»

«Kama kawaida.»

«Na itabandikwa?»

«Walimu wanapenda kuona majina yao.»

Nilitoka nje, kwa sababu Neema alikuwa mgongoni na sikutaka asikie nitakalosema. Nilingoja kikao cha siku ya nne, Alhamisi. Mambo yote yakaisha, tukafika ku divers, pale mwisho ambapo watu huwa wanazungumzia choo na ufagio. Nikasimama.

«Niko na critique.»

Coordonnateur alitabasamu. «Mama, critique ni ya walimu. Wewe hukufuata mafunzo.»

«Nilifuata yote,» nilisema. «Nilikuwa mlangoni na ndoo.»

Odette, aliyekuwa amekaa mbele, akasema bila kugeuka, «Aseme.» Nikasema. Maneno ya Muzee yalinishika kama reli.

«Niliona fiche iko na safu sita. Niliona safu ya sita haisaidie mutu kufundisha kemia. Niliona Muzee Gaston anakuomba ikae ndani ya kabati, na nilisikia unajibu hakuna shida. Niliona pini nne ndani ya mudomo yako. Niliona karatasi inaangalia barabara. Niliona pembe nne zimebaki. Niliona mutu aliyefungua mulango sababu aliitwa vile shule inaita. Sikuona waliomuua, sitasema ni nani. Juzi niliona unaniletea stensili ile ile. Na siku ya posho niliona ile safu na macho yangu, nikasema nitaitoa siku ya kwanza. Ile ni yangu mimi. Nimepokea.»

Kisha nikangoja. Wote tulingoja. Kila mtu mle ndani alijua neno linalofuata, ni moja tu, hata Neema anaweza kulisema. Coordonnateur alifunga kalamu yake. Akatazama saa.

«Kama hakuna kingine,» alisema, «tumemaliza.»

Odette aliinuka na kutoka bila kuaga. Wengine walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyenitetea. Siwalaumu, wana watoto, na kila mmoja ana mtaa wake wa kurudi. Lakini nimeona.

Sasa nikuambie kwa nini nimeondoka badala ya kubaki kupigana. Baba yake Neema ana collectivité moja, mimi nina nyingine, mbili ambazo leo haziwezi kuandikwa kwenye mstari mmoja. Miaka michache ijayo nitampeleka shule, nitapewa fiche, na safu itakuwa pale, inamngoja. Sitaki mkono uliopiga ile fiche uwe ule ule unaomwandikisha, kama vile hakuna kilichotokea. Wewe bado uko na mkono safi. Uutunze.

Kabla ya kurudisha ufunguo nilifanya kazi moja ya mwisho. Nilitandaza stensili juu ya meza, nikaweka rula, nikachukua wembe, nikakata safu ya sita, kutoka juu mpaka chini, nikaichoma na kiberiti katika sahani ya maabara. Majina ya wapya sikuyapiga. Jina la Siméon liko pale pale, la tatu, na sikuongeza neno pembeni yake. Stensili iko katikati ya magazeti, rafu ya juu.

Watakuletea wakwambie uipitishe kwenye ronéo. Unakumbuka nilivyokuambia kuhusu tundu. Pale nilipokata wino wote utapita, na kila karatasi itatoka na mstari mweusi mpana kama vidole viwili, unaoloanisha mikono. Coordonnateur atasema stensili imeharibika, upige nyingine, safu sita, kama kawaida. Hapo ndipo kazi yako itaanza kweli. Kuosha chupa ni mazoezi tu.

Akikuuliza nani amefanya hivi, usinifiche. Mwambie ulichoona.